Maana ya Kushinda

Katika vitabu vya Kiingereza liko neno moja ambalo mtu hulikuta zaidi katika habari za wafalme na vita vya kale kuliko katika maongezi ya kila siku. Neno hilo ni "vanquish". Mwanafunzi akilitafuta katika kamusi ataambiwa ya kuwa maana yake ni kushinda, naye ataridhika, atafunga kamusi na kuendelea na masomo yake. Lakini sisi tulio walimu yatupasa kuuliza zaidi kidogo: kushinda kwa namna gani? Maana Kiswahili chetu hutia mambo mengi katika neno hili moja, na mtu asiyeyatenga aweza kupotea, si katika kusoma tu, bali hata katika kukaa na watu.

Tuanze na neno lenyewe la Kiingereza. Asili yake ni Kilatini, lugha ya Warumi, ambao neno lao la kushinda lilikuwa "vincere". Likapita katika Kifaransa cha zamani, likaingia katika Kiingereza yapata miaka 700 iliyopita. Waingereza wenyewe hawalitumii ovyo. Mtoto akimpita mwenzake katika hesabu hawalisemi, maana wanayo maneno mengine mepesi. Timu ya mpira ikipata mabao mawili kwa moja hawalisemi, ila kwa mzaha au kwa kutia chumvi. Hulisema pale jeshi linapolivunja jeshi jingine hata lisiweze kusimama tena. Na kwa mfano wa hayo hulisema juu ya mtu aliyeishinda hofu yake, au juu ya waganga walioushinda ugonjwa. Ndani ya neno hili mna wazo la mwisho. Aliyeshindwa hivyo hana la kujibu, wala hana siku ya kurudiana.

Lakini shina lile lile la Kilatini limezaa neno jingine, nalo ni "convince", yaani kumsadikisha mtu kwa maneno na kwa hoja. Hapo napo mna kushinda, kwa kuwa mtu aliyekuwa akibisha ameacha kubisha. Walakini yeye hakuanguka chini. Amesimama, tena amesimama upande wetu. Basi tazameni, shina ni moja na matawi ni mawili: tawi moja humlaza mtu, na tawi la pili humgeuza mtu akawa mwenzetu.

Sasa tukitazame Kiswahili. Twasema, ameshinda vita, ameshinda kesi, ameshinda mtihani. Twasema, usingizi umemshinda, mzigo umemshinda, mtoto huyu amewashinda wazazi wake. Twasema, mti huu ni mrefu kushinda ule, hali miti yenyewe haina ugomvi wo wote. Tena jioni twamwuliza jirani, "Umeshindaje?" naye hujibu, "Nimeshinda salama", na hapo hatukumwuliza amempiga nani, bali amepitishaje mchana wake. Hata kiungo kidogo chaweza kugeuza habari yote. Ukisema, mama yule ameishinda njaa, umemsifu. Ukisema, mama yule ameshinda na njaa, umeleta habari ya huzuni, kwamba tangu asubuhi hajatia kitu kinywani.

Hatusemi kwamba wazee wa kale walikusudia kutufundisha kwa njia hiyo. Lakini maana hizi mbili, ile ya kumweza adui na ile ya kupitisha mchana, zimekaa katika sauti moja, nazo zatukumbusha jambo ambalo neno la Waingereza haliwezi kuwakumbusha wao: ya kuwa ugomvi huisha kwa saa chache, na ukiisha kwisha mtu hana budi kushinda mahali, na kushinda na watu. Mfalme wa vitabuni humponda adui yake kisha akarudi kwao mbali. Mtu wa kijijini akimshinda jirani yake barazani asubuhi, alasiri atakutana naye lamboni wakinywesha ng'ombe.

Kwa hiyo twaona yafaa kuuliza swali moja juu ya kila ushindi tunaoutaka. Kitu hiki tunachotaka kukishinda, je, ni kitu ambacho twaweza kuishi bila hicho daima, au ni kitu ambacho hatuna budi kushinda nacho kesho na kesho kutwa?

Wako adui wa namna ya kwanza, nao wastahili neno lile zito. Ndui iliwaua watu wengi katika nchi zetu, na wengine iliwaacha vipofu. Mtu wa mwisho duniani kuipata kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali katika mji wa Merca, Somalia, mwezi wa Oktoba 1977. Alipona, na mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba ndui imekwisha. Vivyo hivyo sotoka ya ng'ombe, ambayo katika miaka ya 1890 ilifagia mazizi ya Afrika Mashariki na kuwaacha wafugaji mikono mitupu, ilitangazwa mwaka 2011 kuwa imeondoka duniani. Maadui hawa wameshindwa kabisa, na hakuna aliyewafanyia matanga.

Lakini yatupasa kuangalia jinsi walivyoshindwa. Ndui haikuondolewa kwa kuwaua wenye ndui. Waganga walimtafuta mgonjwa, wakamtenga asiwaambukize wengine, wakamtunza, kisha wakawachanja watu wote waliomzunguka, hata ugonjwa ukakosa pa kwenda. Yaani walitenga mambo mawili, ugonjwa na mgonjwa. Ugonjwa waliukatia njia. Mgonjwa walimwacha aishi. Hekima yote ya kushinda, kwa maoni yetu, imo katika kutenga huko. Na hasara nyingi zilizotupata katika nchi hii zatoka katika kutokutenga.

Mfano wa kwanza upo mbele ya macho yetu, maana ni ardhi tunayoikanyaga. Baada ya Vita Kuu ya kwanza, sehemu kubwa za Shinyanga zilikuwa pori lenye mbung'o, na mbung'o huwaletea ng'ombe nagana na watu malale. Serikali ya wakati ule iliweka Shinyanga makao ya utafiti wa mbung'o, chini ya Bwana Swynnerton, aliyekufa katika ajali ya ndege mwaka 1938. Iligundulika kwamba mbung'o hupenda kivuli cha vichaka, na kichaka kikifyekwa hana pa kukaa. Basi watu walikwenda kwa makundi makubwa, kwa mashoka na kwa moto, wakafyeka pori. Mbung'o akarudi nyuma, na ng'ombe wakaingia penye malisho mapya. Huo ulikuwa ushindi wa kweli, na waliouona hawakukosea kuufurahia.

Walakini shoka halikusimama mbung'o alipoondoka. Miti ilikatwa kwa mashamba ya pamba, ikakatwa kwa kuni na kwa majengo, na ng'ombe wakazidi, mpaka pori likawa limeshindwa kwa maana ile ya mwisho, lisiweze kusimama tena. Tena pori halikuwa mbung'o. Lilikuwa kuni, na dawa, na asali, na kivuli, na mizizi iliyoshika udongo wakati wa mvua. Katika miaka ya 1980 mkoa wetu uliitwa Jangwa la Tanzania. Kina mama walitembea mbali kutafuta kuni, na wengine wakawasha samadi kavu na mabua ya pamba. Aliyemshinda mbung'o akashindwa na vumbi.

Mwaka 1986 ulianzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa jina la HASHI, ukaendelea hata mwaka 2004. Mpango huo ulipata nguvu ulipowarudia wazee na kuwauliza juu ya ngitili. Ngitili, kama kila Msukuma ajuavyo, ni mahali pa malisho panapofungwa wakati wa mvua, pasiguswe, ili nyasi na miti viote, kisha pafunguliwe wakati wa kiangazi kwa ajili ya ndama na ng'ombe dhaifu. Hapo hakuna kupigana na pori. Mtu analiwekea pori mpaka, naye mwenyewe anajiwekea mpaka. Kwa njia hiyo zaidi ya hekta 300,000 zimepata miti tena, na mwaka 2002 kazi hiyo ilipewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Watu walijifunza upya kushinda na pori, yaani kuishi nalo mchana kutwa, badala ya kulishinda.

Mfano wa pili ni mzito zaidi, nasi twauandika kwa huzuni. Kwa miaka mingi katika Usukuma waliuawa wanawake wazee kwa kushtakiwa uchawi. Mtoto alipokufa, au ng'ombe walipoanguka, mtu alikwenda kwa mpiga ramli, na huko akaelekezwa kwa bibi fulani. Na dalili ikawa kwamba macho yake ni mekundu. Sasa sisi sote tumelelewa jikoni penye mafiga matatu. Twajua mwanamke aliyepika miaka 50 kwa moshi wa kuni mbichi na wa samadi kavu, macho yake huwaje. Macho yale ndiyo malipo ya ugali tuliokula. Basi watu walitaka kuushinda uovu, wakamkata mapanga bibi. Na kesho yake mtoto mwingine aliugua kama wa kwanza, kwa sababu malaria haikukaa katika macho ya bibi. Uovu waliokuwa wakiutafuta nje ulikuwa umekwisha kupata nyumba ndani yao wenyewe. Huko ndiko kutokutenga. Aliyemtenga mgonjwa na ugonjwa aliimaliza ndui duniani. Asiyemtenga mtu na msiba alimmaliza mama wa watu, na msiba ukabaki.

Hapo msomaji ataweza kuuliza, Je, vitu tusivyoweza kuishi bila hivyo, na watu tunaokaa nao, wakitupinga tuwafanye nini? Tuwaache tu? La. Iko namna nyingine ya kushinda, nasi wa Maganzo tuna mfano wake karibu.

Neno letu almasi limetoka katika Kiarabu, na Waarabu walilipata kwa Wayunani, ambao waliliita jiwe hilo "adamas", maana yake lisiloshindika. Kwa hiyo kila siku, tangu Dakta Williamson alipogundua almasi za Mwadui mwaka 1940, watu wa pande hizi huchimba na kuchekecha wakitafuta kitu ambacho jina lake ni Kisichoshindika. Tena jina hilo ni la haki, kwa kuwa hakuna jiwe jingine la asili liwezalo kulikwaruza. Lakini fundi wa almasi ajua ya kuwa ugumu si sawa na kutokuvunjika. Mtu akiliweka juu ya chuma na kulipiga kwa nyundo, jiwe hilo laweza kupasuka vipande vipande. Hapo nyundo imeshinda. Na mwenye nyundo amepata nini? Amepata vumbi.

Fundi mwenye akili hafanyi hivyo. Hulitazama jiwe siku nyingi, hulitafutia njia zake za ndani, maana almasi inazo njia kama mti ulivyo na njia ya kupasuliwa. Kisha hulikata na kulisugua kwa unga wa almasi nyingine. Mwaka 1947 ilipatikana Mwadui almasi ya rangi ya waridi, uzito wake karati 54.5, nayo akapewa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza alipoolewa mwaka huo. Mwaka 1948 ilikatwa London, ikabaki karati 23.6. Nusu yake na zaidi imekwenda; lakini iliyobaki ndiyo iliyong'aa. Basi lile lisiloshindika lilikubali mkono wa mtu aliyelijua, likawa bora kuliko lilivyokuwa. Mtu mgumu naye ni vivyo hivyo. Ukimpiga utapata vumbi lake, nalo litakuingia machoni. Ukizijua njia zake, na ukimpelekea watu wa namna yake wa kusema naye, huenda akageuka.

Hata wanyama wetu wanalijua jambo hili. Methali yasema fahali wawili hawakai zizi moja, na maana yake kwa wanadamu twaielewa. Lakini mchungaji ameona mara nyingi jinsi fahali wawili wanavyosukumana kwa pembe mpaka mmoja anapogeuza kichwa na kwenda zake. Mshindi huenda akamfuata hatua chache, kisha huacha. Hamfuati hata porini amwue. Jioni wote wawili wanakunywa katika lambo moja, na yule aliyeshindwa humpisha mwenzake.

Na wazee wetu waliweka ushindani wa namna hiyo katika ngoma. Wasukuma wote wajua vyama viwili vikubwa, Bagika na Bagalu, vilivyotokana na Ngika na Gumha. Baada ya mavuno, vikundi viwili hucheza wakati mmoja katika uwanja mmoja, kila kimoja na mtunzi wake, nyimbo zake na vituko vyake. Mwamuzi ni miguu ya watazamaji. Watu wakihamia upande huu, upande huu umeshinda. Hapo watu huimbana, hudhihakiana, hujitapa sana. Lakini aliyeshindwa hurudi nyumbani na ngoma yake, na mwaka ujao atunge nyimbo nzuri zaidi. Tena fikirini: kama Bagika wangewamaliza Bagalu, wangecheza na nani? Mshindi humhitaji mshindwa ili awe mshindi tena. Neno lile la Waingereza haliwezi kuingia katika uwanja huo.

Lakini mambo haya yana wajibu pande zote mbili. Wako wasemao, "Sishindwi mimi," wakadhani huo ni ushujaa. Wahenga walisema, asiyekubali kushindwa si mshindani. Mtu akishindwa kesi ya mpaka kwa ushahidi wa haki, kisha usiku akang'oa mkonge wa mpaka na kuupanda mahali pengine, huyo hakushindana. Aliiba tangu mwanzo, na baraza alilifanya chombo chake. Na mshindi naye ana wajibu wake. Akitoka barazani akapita njiani akiimba na kumtaja mwenzake, ameugeuza ushindi wa haki kuwa kidonda. Wahenga walisema tena, debe shinda haliachi kutika. Hapo neno "shinda" lina maana nyingine kabisa, ya chombo kisichojaa. Lakini sisi tukisikia mshindi akijigamba sana, twaweza kuzisikia maana zote mbili kwa mara moja.

Huenda mwingine akasema, Haya ni maneno laini. Je, mwizi wa ng'ombe naye tucheze naye ngoma? Hatusemi hivyo. Mwizi ashikwe, ahukumiwe, arudishe mali ya watu, apate adhabu yake. Sungusungu walipoanza katika nchi zetu za Usukuma na Unyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulikuwa umewachosha watu, na filimbi zao zikarudisha usalama katika vijiji vingi. Ushindi ule ulikuwa mwema kila mahali uliporudisha ng'ombe zizini na kuukomesha wizi. Ulikuwa mbaya kila mahali mtu alipoadhibiwa kabla ya kusikilizwa, maana hapo ulioshindwa haukuwa wizi, ila haki. Wizi ni adui wa namna ya kwanza. Twaweza kuishi bila huo daima, nao ufe. Mwizi ni mtoto wa mtu, ana mama hapa kijijini, naye akimaliza kifungo chake atarudi. Tusipomwekea mahali pa kurudia, tumemtengenezea njia ya kuwa mwizi tena.

Basi twawashauri walimu wenzetu, wakifika katika neno hili la Kiingereza, wasitosheke kuandika ubaoni "kushinda". Wawaulize watoto: katika sentensi hii, aliyeshindwa amebaki na nini? Kama hakubaki na kitu, tafsiri iseme kuangamiza, au kumaliza kabisa. Kama amebaki amesimama, iseme kushinda tu, au kumpita. Kama amegeuka akawa upande wa mshindi, iseme kusadikisha, au kuvuta moyo. Mtoto atakayezoea kuuliza hivyo kitabuni, akiwa mtu mzima atauliza hivyo hivyo barazani, machimboni na nyumbani kwake.

Maana hata nyumbani vita hivi vipo. Mume humshinda mkewe kwa sauti kubwa, mke humshinda mumewe kwa kununa, baba humshinda mwana kwa kiboko, na kila mmoja aona ameweza. Afadhali, kabla ya kuinua sauti au fimbo, mtu ajiulize: ninachotaka kukimaliza ni nini, ni kosa au ni mtu? Kama ni kosa, na alifuate mpaka mwisho, wala asichoke. Lakini kama mbele yake pana mtu, na akumbuke kwamba leo jua halijatua, na kesho litachomoza, nao watashinda pamoja.